Mkunga asipotaja kama ni wa kike au wa kiume

Naandika habari za afya hapa Tabora, na wazazi hunivuta pembeni kuuliza kuhusu mtoto aliyezaliwa na jinsia tata. Huanza na upasuaji: shilingi ngapi? Mimi huuliza kwanza, mtoto ananyonya? Anatapika?

Maana chanzo kimojawapo kikubwa ni tezi zilizo juu ya figo kushindwa kutengeneza homoni ya kotisoli. Mtoto wa kike huweza kuonekana wa kiume, na baadhi yao hupoteza chumvi mwilini hadi kufa katika wiki za mwanzo. Dawa yake, haidrokotisoni, hutumiwa kila siku, maisha yote. Hapo ndipo mfuko unapotoboka. NHIF iliposimamisha mwaka 2023 kuandikisha mtoto mmojammoja kwenye Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, niliwaza familia hizi kwanza. Na kutoka Kitete kwenda Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800, upande uleule wa pwani walikoelekea wapagazi wa misafara. Nauli hapo ni ya watu wawili, bado malazi.

Upasuaji wa kurekebisha maumbile mara nyingi unaweza kusubiri. Kenya, iliyohesabu watu 1,524 wenye jinsia tata katika sensa ya 2019, imeuwekea mipaka kwenye Sheria ya Watoto ya 2022. Naunga mkono. Fedha ya kwanza iende kwenye vipimo vya damu na dawa. Mengine mtoto akikua aulizwe mwenyewe.

Majirani wakidai jina, Amani na Furaha ni ya wote.