Usiizeeshe Sanamu kwa Moshi

Isangi

Mwanangu,

Chombo kilichoshuka juzi kutoka Kisangani kilileta chumvi, sabuni na habari yako. Sisi tuko wazima. Mama yako yuko shambani, anapalilia muhogo. Dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Nimeambiwa kwamba hapo kwenye karakana ya kuchonga ya Mangobo umechoka kungoja mti ukauke. Unachonga sanamu za ofika za Wambole kwa mti mbichi, unazifukia kwenye matope, unazitundika juu ya moshi, kisha unawaambia wageni kwamba ni urithi wa babu. Kama ni uongo, niandikie upesi, nimkemee aliyeileta habari hiyo. Kama ni kweli, nisikilize.

Ofika ni sura ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu ya Lilwa, chama cha jadi cha Wambole, mabega yameshuka, miguu inaning'inia. Wazee waliwaonyesha vijana sanamu hiyo ili wajue mwisho wa mvunja sheria. Wewe ndiyo unayoitumia kudanganyia watu?

Mimi nilifanya hayo hayo. Mwaka 1981, baba yako akiwa shuleni kwa pesa za ukoo, mimi nilipewa kisu nikatumwa Kisangani kujifunza kuchonga. Sikulalamika, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzangu wote. Nikachonga sanamu kwa mti uliokatwa wiki ile ile, nikaitia moshi siku tatu, nikamuuzia mgeni mmoja na kumwapia kuwa ni ya babu yangu. Wiki mbili hazikupita, akarudi nayo. Mti mbichi hukauka nje kabla ya ndani, kwa hiyo ulikuwa umepasuka kutoka shingoni hadi kitovuni, na ndani ya ufa ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Mgeni hakupiga kelele. Aliiweka mbele ya fundi wangu, akanyamaza. Fundi akamrudishia pesa kutoka mfukoni mwake, kisha akaninyang'anya kisu. Nikarudi Isangi kuvua samaki. Hata leo nikiona gogo zuri mkono unaniwasha.

Na babu yako halisi unamjua? Alichonga ngoma za Walokele, zile za kupeleka habari. Gogo zima alilikomba ndani kwa kupitia ufa mwembamba, mdomo mmoja akauacha mnene, mwingine mwembamba, ngoma ipate sauti mbili. Angekosea unene, kijiji cha mbali kingesikia neno lisilosemwa. Hakukosea. Jina la mtu huyo ndilo unalopaka masizi.

Noa kisu kila asubuhi. Kisu butu ndicho kinachokata mkono, maana unakisukuma kwa nguvu. Fuata nyuzi za mti. Pembe ya tembo usiiguse, sheria imekataza. Usimkope dereva wa toleka, hizo baiskeli za abiria.

Ofika zichonge, sikukatazi. Lakini acha mti ukae kivulini mpaka ukauke, na chini ya mguu chora jina lako na mwaka. Mgeni akiuliza umri wa sanamu, mwambie umeimaliza mwezi huu. Akikataa kununua, mwache aende.

Kisu cha babu yako ninacho bado, nimekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Niliazimia kukutumia mwaka huu. Hakitapanda chombo kabla sijapata jibu lako.

Baba yako mkubwa