Frateri Mwenzetu Alipokaukiwa Sauti



Likizo iliyopita mafrateri watatu tulipangiwa kigango kimoja cha Mbagala, wilayani Temeke. Kipaza sauti kiliharibika wiki ya kwanza, nasi tukaamua kupaza sauti wenyewe: asubuhi mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, jioni kwaya, huku daladala na muziki wa jirani vikishindana nasi. Wiki ya pili mwenzetu akakaukiwa sauti. Akina mama wa jumuiya walimletea tangawizi na asali. Akanywa, akaendelea kunong'ona. Usiku mmoja, kama Zakaria, akatuandikia: "Padre asiyeweza kuimba Misa ni padre gani?" Hatukuwa na jibu.

Mwezi ulipita ndipo tukaenda hospitali. Daktari wa masikio, pua na koo alisema tumechelewa. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, ichunguzwe. Nyuzi za sauti, ambazo mwanamume anapozungumza hutetema mara 100 na zaidi kwa sekunde, zilikuwa zimevimba, na misuli ya koo imekaza. Akapewa mazoezi: kupumua kwa tumbo, kuvumisha sauti midomo ikiwa imefungwa, kupuliza mrija ndani ya maji. Lakini kila alipofungua kinywa, woga ulimkaza upya.

Kijana wa VIWAWA, fundi simu, akatuazima miwani ya uhalisia pepe. Unaweka simu ndani, unavaa, unajikuta ufukweni: wimbi likija unavuta pumzi, likirudi unaitoa. Tulicheka, mpaka tulipoona mabega ya mwenzetu yakishuka. Ikawa dakika kumi za miwani, kisha mazoezi ya daktari.

Tulibishana kama hiyo ni tafakari. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, anafundisha kwamba sauti ni mlio wenye maana wa kiumbe chenye roho, nao hutokana na pumzi. Tukakubaliana hivi: miwani haikumponya wala haikusali badala yake, ila ilimtuliza pumzi. Baadaye aliirudisha, dakika zile kumi akazikalia mbele ya Tabernakulo.

Jumapili ya mwisho alisoma somo kwa sauti ya chini. Waamini wakasogeza mabenchi mbele. Kuimba bado, naye hajui kama ataweza. Sisi wawili tulichangisha fedha, kipaza sauti kikatengenezwa.