Nyota ya mkia huchomoza upande wa Burundi

Mwaka 2024 vijana wengi wa Uvira waliijua nyota ya mkia ya Tsuchinshan-ATLAS kwa picha zilizofika kwenye simu zao kutoka nchi za mbali, wakabaki wakiamini kwamba kitu kile kilipita kwa watu wengine. Hilo linaniuma. Kabla ya kuonekana jioni katikati ya Oktoba, nyota hiyo ilikuwa ya alfajiri: mwishoni mwa Septemba ilichomoza mashariki kabla ya jua, na kwetu mashariki ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni milima ya Burundi. Uvira haijakosa nyota za mkia, na leo haikosi kamera. Tulichokiacha kidogo kidogo ni kuangalia juu, na kuhifadhi kile tulichokiona.

Anayetaka ushahidi aanze na mlima. Milima ya Mitumba imesimama mgongoni mwa mji kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, ikiacha ukanda mwembamba wa kuishi. Ndiyo maana Hale-Bopp ya 1997, iliyong'aa jioni upande wa kaskazini-magharibi, iliwafaa zaidi watu wa Bujumbura, wenye ziwa mbele yao machweo. McNaught ya Januari 2007 nayo ilizama upande huo huo wa magharibi. Lakini hesabu zile za alfajiri: Ikeya-Seki mwisho wa Oktoba 1965, Bennett 1970, West Machi 1976, Halley Machi 1986, Lovejoy Desemba 2011. Zote zilikuwa na siku zao za kuonekana mashariki kabla ya mapambazuko, upande ambao macho yetu hayazuiwi na kitu ila maji na milima ya mbali. Tarehe nimezilinganisha na orodha za wanafalaki. Mwaka 1965 watu wa ufukwe huu, hadi Fizi, walikesha kwa sababu ya vita. Mkia wa Ikeya-Seki ulisimama juu ya ziwa hata hivyo.

Nitaambiwa kwamba zamani hatukuwa na vifaa. Vilikuwepo. Wa umri wangu wanaikumbuka studio ya mpiga picha: pazia lenye maua lililochorwa ukutani, kiti kimoja, sanduku la vitana, na nyuma mlango mdogo wa chumba cheusi ambao haukufunguliwa ovyo. Harufu ya chumba kile ilikupokea ukiwa bado barazani, kali kama ya siki, na kweli ilikuwa siki, kwa kuwa dawa ya kusimamisha picha ni asidi ya asetiki. Ndani, taa nyekundu. Kwenye beseni, karatasi nyeupe ikianza kutoa nyusi, kisha macho, kisha kola ya shati. Mpiga picha yule aliweza kupiga nyota. Kamera yake ilikuwa na herufi B, ya kuacha mlango wa lenzi wazi kwa muda anaoutaka. Lakini filimu ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikwisha kupangiwa ubatizo, harusi au kitambulisho. Tena dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo lenzi ya milimita 50 ikiachwa wazi zaidi ya sekunde 10 hivi, nyota huanza kuwa mistari. Na negativu ya usiku hutoka karibu tupu, yenye vidoa vichache, na msafishaji aliyezoea sura za watu alidhani filimu imeharibika, akairudisha bila kuichapa. Halley nayo, hata ilipotukaribia tarehe 11 Aprili 1986, ilikuwa umbali wa kilomita milioni 63, na nuru yake ilikuwa hafifu. Watu wa miaka ile siwalaumu.

Wa leo nawadai. Simu nyingi sasa huunganisha picha kadhaa za usiku kuwa moja, na jiwe la ufukweni linatosha kuiegemeza isitikisike. Wapo wanaosema taa za wavuvi zimeua giza. Hoja hii ina uzito, kwa sababu wavuvi wa ndagala na mpiga picha wa nyota wanagombea usiku ule ule usio na mwezi: mwezi ukiwaka ndagala hawaifuati taa, na mkia wa nyota hufifia. Karabai zimeanza kuziachia nafasi taa za betri, nyeupe zaidi. Lakini taa ya mvuvi huelekezwa majini, na mitumbwi husogea. Kinachoharibu zaidi ni taa ya ukutani inayomulika juu bila kifuniko, na hiyo mwenye nyumba anaweza kuizima kwa nusu saa. Moshi wa kiangazi kwenye uwanda wa Ruzizi ni kizuizi kikubwa kuliko wavuvi. Mvua zikianza, hewa husafika. Kuhusu usalama, sitamwambia mtu atoke saa kumi ya usiku kwenda mbali. Uwanja wa nyumba unaotazama ziwa unatosha, na saa hiyo mama wanaonunua ndagala wako macho tayari.

Wengine hudai kwamba kazi hii ni ya wataalamu. Lakini kati ya wawili walioigundua Ikeya-Seki, Kaoru Ikeya alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha piano, Tsutomu Seki mwalimu wa gitaa. Na hata utaalamu wenyewe haukuwa mgeni Kivu ya Kusini: Armand Delsemme, Mbelgiji aliyechunguza barafu ya nyota za mkia, alifanya kazi Lwiro, kaskazini ya Bukavu, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Halley itarudi 2061, na watoto wanaosoma shule za msingi Uvira sasa wataikuta. Zinazokuja kabla yake hazitoi taarifa mapema. Kwa hiyo nawaomba wenye simu: nyota ya mkia ikitangazwa ya alfajiri, tazameni upande wa Burundi, pigeni, kisha picha moja ichapwe kwenye karatasi na nyuma yake iandikwe tarehe, saa na mtaa. Simu huibwa na huanguka majini.