Karatasi Nayo Hunywa Maji

Usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji mpendwa, ukipokea karatasi ya mtihani iliyonyooka, herufi zake nyeusi tititi, hudhani sifa zote ni za mashine. Mimi nasema la! Nusu ya sifa hizo ni za karatasi yenyewe na za yule aliyeitia mashinini.

Siku za likizo humsaidia mjomba wangu katika duka lake la kupiga chapa hapa Malindi. Ni chumba kidogo kisicho na kiyoyozi, na upepo wa bahari huingia utakavyo. Mwezi wa Mei, masika yanapokazana, hata chumvi kibakulini huloa. Basi karatasi nayo hunywa maji. Imetengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti, nazo hufyonza unyevu hewani. Zikishaloa, karatasi hugandana na mashine huzivuta mbili tatu kwa mpigo. Tena printa ya leza huipitisha karatasi kwenye rola yenye moto wa karibu nyuzi 200 za selsiasi, ili unga wa wino uyeyuke na kushika. Unyevu ukikutana na moto huo hugeuka mvuke, na karatasi hutoka imejikunja kama jani la mgomba lililobabuka. Watu husema, "Ah, mashine imekufa hiyo!" Fundi huitwa na kulipwa, kumbe mgonjwa ni karatasi.

Anayeumia zaidi ni mteja. Masika yaliyopita alikuja mama mmoja kutoka Gongoni na fomu ya basari ya bintiye, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuipeleka. Duka jingine lilikuwa limemtoza karatasi tatu zilizokwama mashinini, na sasa nauli yake ilikuwa inapungua.

"Mwanangu, nimelipia karatasi zilizoraruka," akaniambia. "Kwani mimi ndiye niliyezirarua?"

"La, mama," nikamjibu. "Kaa hapo. Utalipia ile utakayoondoka nayo tu."

Nikafungua rimu mpya, na fomu ikatoka safi mara moja. Tangu hapo naamini kwamba kujua karatasi si mambo ya ufundi tu, ni haki ya mtu.

Hebu niwaeleze tunavyofanya. Kwanza, tunachagua A4 ya gramu 80. Gramu hizo ni uzani wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja mraba, na A4 kumi na sita hutimiza mita hiyo. Kwa hivyo karatasi moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2 na nusu. Rimu ya gramu 60 haifiki kilo 2. Ukishuku umeuziwa nyepesi, mizani yoyote ya dukani itakuambia kweli. Karatasi ya kung'aa ya picha, iliyotengenezewa mashine za wino wa maji, haiingii kwenye leza, maana utando wake waweza kuyeyuka ukaganda kwenye rola.

Pili, rimu haifunguliwi mpaka itakapohitajika. Zinazobaki hurudi ndani ya karatasi yake ya kufungia, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na sakafu ya saruji. Jioni tunaondoa zilizomo katika droo ya mashine, tukaziweka humo humo.

Tatu, wakati wa kupakia, tunazipepeta kwa vidole ziachane, tunazigonga mezani zilingane, na tunafuata mshale ulio kwenye kifungio, unaoonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Hatupiti mstari wa kipimo ulio ndani ya droo. Vile vishikizo vya pembeni viguse karatasi bila kuibana, la sivyo maandishi yatakwenda upogo.

Wenzangu, swali la mtihani lililokunjiana katikati humnyima mtu alama alizozisomea usiku kucha. Ofisi ya umma nayo haimuulizi mama yule kama palikuwa na masika. Huuliza fomu iko wapi.

Basi klabu yetu ikinunua rimu za toleo lijalo, naomba tuzipime kwanza, tena zisilazwe sakafuni. Ndoo ya mfuniko nitaleta mimi.