Neno la Siri la Ofisi Nzima

Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilipotokea Ufilipino na kuizunguka dunia kwa barua pepe, nilikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Kilijifanya barua ya mapenzi. Ukikifungua, kinaharibu picha na mafaili mengine, kisha kinajituma kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Makao makuu yakaingiwa na hofu, zikashuka kanuni mpya.

Neno la siri libadilishwe kila mwezi, lichanganye herufi, tarakimu na alama, lisifanane na la zamani. Ukikosea mara tatu unafungiwa, na wa kukufungulia ni makao makuu peke yao, ambako simu ilipokelewa kwa bahati. Huku kontena lisipotoka bandarini kwa wakati, mteja anatozwa gharama za kuhifadhi mzigo.

Watu wakajitafutia njia. Wapo waliobandika karatasi chini ya kibodi. Wapo waliotumia jina la mwezi na namba yake. Mwishowe wengi wetu tukahamia kwenye kompyuta ya mhasibu, mama wa makamo aliyeiwasha asubuhi na kuiacha wazi hadi jioni. "Shikamoo mama, naomba niingize hati moja tu." Naye hakumnyima mtu.

Kisha akaja mkaguzi. Kulikuwa na malipo yaliyofanyika mara mbili, na mfumo ulionyesha jina moja tu la aliyeyaidhinisha. Mama yule akatakiwa kujieleza kwa maandishi kuhusu kazi iliyopita mikononi mwa watu wengi. Uchungu wa siku ile bado ninao.

Baadaye aliletwa fundi kijana, akakaa nasi mezani akitazama tunavyofanya kazi. Mama akamuuliza, "Mwanangu, mnataka tulinde kompyuta au tutoe mizigo?" Kijana akajibu kwamba vyote viwili vinawezekana. Kila mmoja akarudishwa kwenye akaunti yake, na neno lake la siri likawa sentensi ndefu anayoikumbuka. Aliyefungiwa akawa anafunguliwa palepale ofisini. Viambatisho vya hatari vikazuiwa kwenye seva kabla havijatufikia, kwa maana kirusi kile hakikuhitaji neno la siri la mtu yeyote.

Tangu 1999, Anne Adams na Angela Sasse, watafiti wa London, walikuwa wameeleza kwamba wafanyakazi hukwepa kanuni za usalama zisipoendana na kazi yao. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, nayo ikaelekeza watu wasilazimishwe kubadili neno la siri kila baada ya muda bila dalili kwamba limevuja.

Ninawasihi wanaotunga kanuni hizi leo: kaeni kwanza na atakayezitumia. Mama yule ndiye aliyestahili kulindwa, na kanuni zile ndizo zilizomponza.