Pesa ya Mbege

Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, kupata bia ya chupa kule kwetu juu ya Mwika, Kilimanjaro, ilikuwa bahati ya mtu. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, na bia ikifika Moshi mjini iliishia huko huko kwa wenye vyeo na wenye kujuana. Hata ukibahatika kuambiwa ipo, ulitakiwa uende na chupa tupu. Huna chupa, huuziwi. Ndiyo maana wanaume wote wa kijijini, mwalimu mkuu, karani wa kahawa, fundi baiskeli na wakulima, walikuwa wakinywa mahali pamoja: kilabuni.

Kilabu chenyewe kilikuwa banda la mabati lisilo na mlango, mabenchi yamezunguka ukuta, sakafu ya udongo. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakipika mbege pale kwa zamu. Mimi nilikuwa binti wa darasa la sita, na kazi zangu zilikuwa kuchota maji kwenye mfereji wetu, mfongo, kumenya ndizi na kushika ncha moja ya gunia wakati wa kuchuja.

Wasioijua mbege hudhani ni ndizi zilizoachwa tu mpaka zikachacha. Si kazi nyepesi hivyo. Ndizi zikishaiva sawasawa zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa saa nyingi hadi zigeuke nyekundu, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Huku nyuma ulezi umeloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Unga wake unapikwa uji pamoja na gome la msesewe, na hilo gome ndilo linaloipa mbege ule uchungu wake. Maji ya ndizi yakishachujwa, yanachanganywa na uji uliopoa, na kesho yake mbege iko tayari. Kesho kutwa imeshakuwa kali. Siku inayofuata wanaoiweza ni wachache, na aliyeipika anahesabu hasara.

Ndiyo asili ya zamu. Kwa kuwa mbege hailali, hakuna mwanamke aliyeweza kujaza stoo akawafunga wenzake. Wiki hii anapika huyu, wiki ijayo yule, na aliyeruka zamu kwa ugonjwa au uzazi alibadilishana na jirani. Waliopanga zamu walikuwa wanawake wenyewe, ingawa mwenyekiti wa kijiji alipenda kusema ni yeye.

Kabla ya kumpa mteja kata, mama alionja kwanza yeye, mbele ya macho ya watu. Kwa Wachagga anayekupa kinywaji ndiye anayetangulia kuonja, ujue hakuna sumu. Kata ya kwanza ilikwenda kwenye benchi la wazee karibu na nguzo ya kati. Nakumbuka mzee mmoja, fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki, ambaye kijiji kizima kilingoja kauli yake. Alikoroga kwa kijiti, akanusa, akanywa polepole, akafuta masharubu.

"Mama, leo umetubania ulezi."

"Ulezi una bei, baba. Kunywa."

Benchi zima likacheka, akamaliza kata yake na kuomba nyingine.

Sasa nifike kwenye pesa, maana katika habari nyingi za mbege nilizosoma, za watu waliokuja kutupiga picha, pesa haitajwi. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Mibuni ilisimama chini ya migomba, kihamba kimoja, yaani shamba moja la nyumbani, mbolea moja ya ng'ombe mmoja, lakini siku ya malipo jina lililoitwa lilikuwa la mwanamume. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, hata KNCU iliyokuwepo tangu 1933, kahawa ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Jina lililoitwa halikubadilika. Mwanamke hakuwa na njia ya kuifikia pesa ile isipokuwa aombe, au auze mbege.

Mama aliuza. Alikuwa na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake kila mteja ana ukurasa wake, kata moja mstari mmoja. Malipo ya kahawa yakitoka alikaa mlangoni na daftari mapajani, na wanaume walikuja wenyewe kufuta mistari kabla ya kuanza mipya. Daftari hilo ndilo lililomsomesha kaka yangu. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, mkoa wetu ukajenga shule za binafsi, na hizo zilitaka karo. Baba alinunua mabati, mama akalipa karo. Nyumba nyingi za kwetu ziliendeshwa hivyo.

Haikuwa peponi. Usiku wa malipo tulisikia vilio kutoka vihamba vya jirani, na asubuhi wanawake walikutana mfongoni, mmoja ana jicho limevimba na mwingine ndiye aliyemuuzia mumewe. Pesa iliyomsomesha mtoto wa huyu mara nyingine ilitoka kwenye chakula cha mtoto wa yule. Mama alilijua hilo. Siku moja alikuja mwanamume mwenye noti mpya mkononi, na mkewe, mwenye mimba kubwa, alikuwa amesimama barabarani hathubutu kuingia. Mama akamwambia, "Mangi, leo pipa lako limekauka." Pipa lilikuwa nusu, kila mtu analiona. Yule bwana akatukana, akatafuta wa kumuunga mkono, benchi la wazee likanyamaza, akaondoka. Siku nyingine mama aliwauzia watu kama bwana yule bila kusema neno, maana karo ilikuwa imekaribia.

Kilabu hakikufungwa na mtu. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na daftari la mama likawa na mistari isiyofutwa. Mwaka 1993 serikali iliwauzia Waafrika Kusini hisa za Kampuni ya Bia, na bia iliyokuwa ya kuomba ikawa ya kuchagua. Baadaye Moshi penyewe pakawa na kiwanda cha Kibo, kikafungwa mwaka 2002 wakubwa wa bia wa Kenya na wa Afrika Kusini walipoamua kuacha kugombana na kugawana soko. Sisi tuliyasikia hayo kwenye redio. Tulichokiona kwa macho ni baa ya kwanza njia panda, rangi mpya ukutani, friji, na mhudumu aliyeuliza, "Baridi au moto?"

Mwenye baa alikuwa mwanamume aliyerudi kutoka Dar es Salaam na akiba. Ilibidi awe hivyo. Friji, leseni, kreti za kuanzia na umeme havikupatikana kwa mikungu ya ndizi. Vijana waliotoka mjini hawakutaka kukaa benchi moja na baba zao na kuonekana wameshika kata. Bia ilikaa dukani miezi bila kuharibika, kwa hiyo zamu haikuwa na maana tena: mmoja aliuza Jumatatu hadi Jumapili. Na faida ilishuka mlima na lori lililoleta kreti.

Halafu vikaja viroba, pakiti ndogo za pombe kali. Kiroba hakikuhitaji benchi wala mtu wa kukuonjea. Kijana alikichana kwa meno nyuma ya duka, akakinywa, akatupa pakiti, akarudi kwenye bodaboda. Mzee wa mizinga angesema nini sijui, alishafariki. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Pombe kali ikahamia kwenye chupa ndogo. Unywaji wa peke yako, wa haraka, ambao hakuna jirani anayekuhesabia, ulibaki.

Mbege haijafa. Huwezi kuposa kwetu bila mbege, na familia ya Kilutheri isiyonywa kabisa nayo itaagiza pipa, maana wazee wa upande wa pili watauliza. Lakini imekuwa ya kuagizwa kwa shughuli. Ulezi unatoka mikoa ya mbali kwa bei ya wenye maduka, na ndizi zinapakiwa malori soko la Mwika kwenda Dar es Salaam. Wanawake ndio wanaoziuza bado, kwa bei anayoitaja dereva. Mama alikuwa akisema mkungu ukiuuza sokoni unapata nauli, ukiupika unapata karo.

Mimi mwenyewe sinywi, na sitamani mabinti wa darasa la sita warudi kuhudumia walevi. Ila nikisikia wasomi wetu wakihuzunika kwamba wazee wamekosa pa kukutania, najiuliza mbona hawaulizi akina mama wamekosa nini. Wazee walihamia baa, au uwanja wa kanisa, au kwenye televisheni ya mpira. Waliokuwa wakipika kwa zamu hawakupata kazi nyingine iliyowalipa vile, kwa mikono yao, kwa mazao yao, bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo wewe unayepanda mlima kila Desemba na kreti zimejaa nyuma ya gari, mwaka huu acha mbili mjini. Uliza ni nani anapika mbege karibu na kwenu, umpe oda wiki moja kabla, kwa sababu ndizi hazichachuki kwa simu. Na umlipe taslimu. Siku hizi mama wa mbege hakopeshi.