Chama, Aziz Ki na fomu ya kurudi nyumbani

Vijana wenzangu, nyie mlioko kambini, na nyie mliosharudi kama mimi. Leo nataka tuongee mpira. Dada zangu mnaosema mpira ni kelele tu, msikimbie, someni mpaka chini.

Mimi niko Kobero, mpakani kabisa, uliokuwa mkoa wa Muyinga. Ng'ambo ni Kabanga, Tanzania. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanapanga foleni hapa, na madereva wanataka chai. Mimi na dada yangu tunawauzia chai na chapati. Kiswahili nilichookota kambini ndicho kinachonilisha leo, maana dereva wa Dar humwambii amakuru. Jioni tukishafunga, naenda kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga.

Tulivuka kwenda Tanzania mwaka 2015, nikiwa na miaka 11. Mwaka 2016 tukapelekwa Mtendeli, wilaya ya Kakonko. Huko ndiko nilikompata rafiki yangu mkubwa. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua. Yeye Simba, mimi Yanga. Tulikuwa tunashirikiana sabuni, daftari na kaptula, lakini timu hapana.

Tarehe 23 Desemba 2018 tulikuwa tumezunguka redio moja, watu kama kumi na tano. Simba anacheza na Nkana ya Zambia, Ligi ya Mabingwa Afrika. Kule Zambia Simba alifungwa 2-1. Hapa Dar imefika 2-1, kwa hiyo ngoma droo, dakika zinaisha. Mara mtangazaji akapiga yowe: Chama! Kafunga kwa kisigino. Simba 3-1, wakaingia makundi. Rafiki yangu alikimbia mpaka kwenye bomba la maji akarudi. Mimi wa Yanga nilikaa kimya, lakini nilijiuliza: mtu anawezaje kuchagua kisigino dakika kama ile? Machi 2019 akarudia tena, dhidi ya AS Vita ya Kinshasa, bao la dakika ya mwisho, 2-1, Simba robo fainali. Tangu siku hiyo rafiki yangu akawa na neno lake: “Chama hana haraka.”

Mwisho wa 2021 Mtendeli ikafungwa. Kila familia ikatakiwa ichague: kuhamia Nduta au kurudi Burundi. Mama yangu aliamua ndani ya wiki moja. Turudi. Baba yake rafiki yangu akasema, sisi Nduta. Tuliagana tukiwa tumebeba magodoro, hata hatukuongea vizuri.

Mwaka uliofuata Yanga ikamleta Stephane Aziz Ki, Mburkinabe, kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza upya, safari hii kwa sauti za WhatsApp. Novemba 2022 Yanga ikaenda Tunis ikamfunga Club Africain 1-0, mfungaji Aziz Ki. Nikamrekodia: “Umeona? Huyu hafikirii mara mbili!” Akajibu: “Ndio shida yake. Anapiga tu. Chama anafikiri.”

Sasa tuwapime kwa haki, maana nimewaangalia sana.

Kwa mguu, Aziz Ki yuko juu. Guu lake la kushoto ni zito. Mita ishirini na tano kwake ni karibu. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania, na yeye ni kiungo, si mshambuliaji. Akipata mpira pembeni mwa boksi, beki anaogopa kumwachia hata hatua moja.

Chama hana shuti kama hilo. Pasi yake ni laini, inafika kama mtu anakupa kikombe cha chai mkononi. Uzuri wake uko kabla ya pasi. Usiangalie mpira, mwangalie yeye wakati mpira bado uko kwa mwenzake. Anageuza shingo kulia, anageuza kushoto. Mpira ukimfikia ameshajua nani yuko wapi. Ndiyo maana anaonekana hana haraka: kazi ya kuamua ameimaliza zamani. Na tusiseme hafungi, Machi 2023 Horoya ya Guinea alipigwa 7-0 na Chama peke yake alitia tatu.

Mwenzetu mmoja wa kundi hili aliyefika Marekani aliwahi kunieleza mpira wa kule, ule wa kushika mkononi. Kuna mchezaji mmoja nyuma, wanamwita kwotabeki, ndiye anayerusha pasi. Anakuwa na sekunde mbili tatu hivi kabla majitu hayajamwangusha chini. Vyuo vikuu vyao vinajaza viwanja kwa ajili ya mchezo huo, na watu wanabishana kama sisi: huyu ana mkono, yule ana kichwa. Kumbe ubishi wetu uko dunia nzima! Akaniambia kitu nikakishika: mkono mzuri kila mtu anauona, lakini kichwa kizuri huwezi kukipima kama hujui yeye alikuwa anaona nini pale aliposimama.

Hicho ndicho nilikuwa sikijui nilipomkosea rafiki yangu.

Aprili 2024 Yanga iko Pretoria na Mamelodi Sundowns, robo fainali. Aziz Ki akaachia kombora kutoka mbali, likagonga mwamba, likadunda chini pale mstarini. Mwamuzi akakataa. Tukatolewa kwa penalti. Usiku ule nilikuwa na hasira, na rafiki yangu akanitumia sauti ya kunicheka: “Si ungempa Chama, angetoa pasi.” Nikamjibu vibaya. Nikamwambia: “Nyie watu wa kusubiri tu. Mmekaa Nduta mnasubiri nini? Mnaogopa kwenu. Sisi tuliamua, tuko nyumbani, tunajitafutia.”

Hakujibu. Wiki moja, mwezi, miezi minne.

Julai ile ile Chama akahamia Yanga. Watu wote wa kibandani walipiga kelele, mimi nilishika simu, nikaona sina wa kumwambia. Namba kumi wawili niliobishana juu yao miaka yote wamevaa jezi moja, na mtu wa kubishana naye simpati.

Mama ndiye aliyenifungua macho. Nilimweleza, akaacha kuchambua maharage. Akasema: “Mwanangu, unafikiri mimi nilikuwa jasiri? Mjomba wako alikuwa amelilinda shamba letu. Kabla ya kuandika jina nilimpigia simu mara tatu. Nilijua nyumba imeanguka lakini kiwanja kipo. Yule mzee wa rafiki yako alimpigia nani?”

Nilinyamaza. Kumbe mama yangu, niliyedhani alipiga shuti, alikuwa Chama. Aliangalia kulia na kushoto kabla ya mpira kufika. Na baba wa rafiki yangu, niliyedhani anachelewa, alikuwa mtu aliyepewa mpira huku mgongo umegeukia goli, hana wa kumwambia nani yuko nyuma. Mtu kama huyo akiulinda mpira, si mwoga.

Kwao ni kolini moja isiyo mbali sana na hapa. Nilipanda baiskeli Jumapili nikaenda. Nilikuta watu wengine wanalima pale, mihogo imekua. Sikugombana na mtu. Nilisalimia wazee, nikauliza taratibu, mzee mmoja akasema analikumbuka shamba hilo na yuko tayari kusema ni la nani. Nilimtumia rafiki yangu yote, ya mihogo na ya mzee, nikaongeza: “Nisamehe. Siwaambii mrudi, siwaambii mbaki. Nimekuangalizia tu.”

Alijibu siku ya tatu. Alisema baba yake amesikiliza ile sauti mara nyingi. Bado hawajaamua. Halafu akasema: “Hata hivyo, Aziz Ki anapiga tu.” Nilicheka mpaka dereva mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Kwa hiyo ndugu zangu, tuliorudi tusiwacheke waliobaki, na mliobaki msituite wasaliti. Kila mtu anacheza na mguu alio nao na nafasi anayoiona. Na nyie kaka na dada wa mashirika mnaotusoma hapa, nina ombi moja. Mtu akishafika mezani, nyuma yake foleni, mbele yake fomu, hizo ni zile sekunde tatu za kwotabeki. Hapo hafikirii tena, anarusha tu. Tupeni habari mapema: shamba likoje, shule ikoje, karatasi gani zinatakiwa, nani wa kumuuliza tukifika. Tuacheni tugeuze shingo kwanza.

Haya, kwenye maoni niambieni: Chama au Aziz Ki? Mimi bado Aziz Ki. Lakini siku ya kuamua jambo la familia, nitampigia mjomba mara tatu kwanza.